SOKO LA WACHEZAJI: Mfadhili, mdhamini na mwekezaji si mtu mmoja

MOSHI

Kila ifikapo katikati ya Desemba, bei mjini Moshi hubadilika. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, mbuzi hupanda bei, na ulezi wa kutengenezea mbege hutafutwa kuanzia Rombo hadi Machame, huku wenyeji wa Kilimanjaro wakirejea nyumbani kwa sikukuu.

Wakati huo huo hufunguliwa soko jingine, lisilo na mizani wala ushuru wa manispaa. Hilo ni dirisha dogo la usajili wa wachezaji wa kandanda, ambalo katika misimu mingi ya ligi kuu huanza katikati ya Desemba na kufungwa katikati ya Januari.

Kwa hiyo mijadala inayoanzia Kariakoo huhamia mlimani pamoja na abiria. Husikika stendi, katika vijiwe vya bodaboda, kwenye vibanda umiza na katika vilabu vya mbege vya Kibosho na Marangu. Swali huwa moja: tajiri wetu anatoa fedha za kutosha?

Upande mmoja husema timu isiyonunua haina nia ya ubingwa, na mwenye fedha asiyetaka kuzitoa awapishe wengine. Upande wa pili husema fedha ni zake, naye hawezi kulazimishwa. Upande wa tatu, ambao mara nyingi ni wa wazee, huuliza timu itaishije siku tajiri huyo akichoka.

Mjadala huo hauishi kwa sababu wanaobishana hutumia neno moja, "tajiri", kwa watu wanne tofauti. Wapo mfadhili, mdhamini, mwekezaji na mkopeshaji. Fedha zao huingia kwa milango tofauti, na kila moja ina namna yake ya kutoka.

MFADHILI: FEDHA ZA HISANI

Katika miaka ya 1990 neno lililotawala kurasa za michezo lilikuwa "mfadhili". Huyu alikuwa mfanyabiashara aliyependa timu na kulipia kambi, nauli za safari na usajili kutoka mfukoni mwake. Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 na kufungwa na Stella ya Abidjan, mfadhili wake alikuwa Azim Dewji.

Fedha za mfadhili hazina riba wala hisa. Haziandikwi popote kuwa deni, na aliyezitoa hamiliki chochote. Kwa sababu hiyo wanachama wengi huzipenda kuliko fedha nyingine zote.

Hata hivyo, asiyedai chochote pia hadaiwi chochote. Mfadhili anaweza kuondoka asubuhi bila kuvunja mkataba, kwa kuwa mkataba haukuwepo. Mishahara aliyoizoesha timu hubaki, lakini mlipaji hayupo.

Yanga ililipata somo hilo kwa uchungu. Yusuf Manji aliigharimia klabu hiyo kwa miaka kadhaa, akiwa mfadhili na baadaye mwenyekiti. Agosti 2016 wanachama walikubali timu na nembo yao vikodishwe kwa kampuni kwa miaka 10, klabu ikipewa asilimia 25 ya faida na mkodishaji asilimia 75. Mpango huo haukusimama, na mwaka 2017 Manji alijiuzulu.

Kilichofuata kinakumbukwa na kila mpenzi wa kandanda. Timu iliyokuwa imezoea kununua ilikosa fedha za mishahara, na msimu wa 2018/19 kocha wake kutoka Kongo, Mwinyi Zahera, alisimama mbele kuwahamasisha mashabiki wachange. Watani wao waliuita mtindo huo "kutembeza bakuli".

Timu hiyo ya michango ilimaliza ligi katika nafasi ya pili, nyuma ya Simba. Wapo wanaoitumia nafasi hiyo kudai kuwa fedha si kitu. Wengine wanasema imethibitisha kuwa wachezaji walijituma kupita kiasi, na kwamba hakuna kampuni inayoweza kuendeshwa kwa namna hiyo miaka mitatu mfululizo.

MDHAMINI: FEDHA ZA TANGAZO

Mdhamini ni mtu wa aina nyingine. Huyu hanunui timu bali ananunua kifua cha jezi. Anataka jina la bidhaa yake lionekane, na hulipa kulingana na idadi ya macho yatakayoliona.

Mwaka 2022 mikataba miwili ilionyesha ukubwa wa biashara hiyo. Yanga na SportPesa walitangaza mkataba wa takriban sh. bilioni 12.3 kwa miaka mitatu. Simba na M-Bet wakatangaza sh. bilioni 26.1 kwa miaka mitano.

Katika vijiwe, hesabu iliishia kwenye jumla, na mashabiki wa Simba wakajigamba kuwa wamepata mara mbili. Ukigawa kwa miaka, Yanga ilikuwa inapata kama sh. bilioni 4.1 kwa mwaka na Simba kama sh. bilioni 5.2. Tofauti ilikuwepo, lakini haikuwa mara mbili.

Hilo ni kosa la kawaida katika kusoma habari za fedha za soka. Mkataba wa miaka mitano hauleti fedha za miaka mitano kwa siku moja. Mwenye timu akisajili kana kwamba zote zimekwisha kuingia, mwaka wa tatu atakuwa anakopa ili alipe mishahara.

Fedha za mdhamini zina ubaya mwingine, nao ni kutegemea hali ya biashara yake. Ng'ambo ya mpaka wa Holili, klabu za Gor Mahia na AFC Leopards za Kenya ziliachwa bila mdhamini mwaka 2019, baada ya SportPesa kusitisha udhamini wake nchini humo kufuatia mvutano wa kodi na leseni. Klabu hazikuwa zimekosea chochote uwanjani.

Nchini Tanzania udhamini umewahi kuzua ugomvi wa namna nyingine. Novemba 2021 kampuni ya GSM, ambayo jina lake lilikuwa limekwishahusishwa na Yanga, ilitangazwa kuwa mdhamini mwenza wa ligi kuu kwa sh. bilioni 2.1 za miaka miwili. Simba ilikataa kuvaa nembo hiyo, na Februari 2022 GSM ilijitoa.

MWEKEZAJI: FEDHA ZA HISA

Mwekezaji ndiye mgeni katika soka ya Tanzania. Huyu hutoa mtaji na kupewa sehemu ya kampuni inayoendesha timu. Hapo ndipo neno "mmiliki", ambalo mashabiki wamelichukua katika matangazo ya ligi ya Uingereza, linapoanza kuwa na maana.

Desemba 2017 wanachama wa Simba walitangaziwa kuwa Mohammed Dewji ameshinda zabuni ya kuwekeza sh. bilioni 20. Awali lilizungumzwa suala la nusu ya hisa, lakini serikali ilisimamia msimamo kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji asizidi 49. Yanga nayo ilipitisha muundo wa 51 kwa 49 katika katiba yake mwaka 2021.

Mwenye kalamu anaweza kufanya hesabu ndogo. Ikiwa asilimia 49 ni sh. bilioni 20, basi klabu nzima ilithaminiwa kwa karibu sh. bilioni 40.8. Mabishano mengi yaliyofuata yalianzia hapo. Wapo waliosema jina lililojengwa tangu 1936 limeuzwa kwa bei ya kutupa, na wapo waliojibu kuwa jina lisiloingiza fedha halina bei.

Jambo lililowachanganya wengi zaidi ni matumizi ya fedha hizo. Mtaji wa hisa si fedha za kulipa mishahara ya mwezi ujao. Kazi yake ni kujenga vitu vitakavyozaa fedha: uwanja, hosteli, shule ya vijana, duka la jezi. Shabiki anayetaka sh. bilioni 20 ziishie kwenye usajili wa dirisha moja anafanana na mkulima anayekula mbegu.

Hata hivyo, swali la upande wa pili nalo ni halali. Mwanachama mwenye asilimia 51 ana haki ya kujua mtaji umewekwa lini, upo benki gani na umetumika kwa kazi gani. Mjadala huo uliisumbua Simba kwa miaka, na haukuwa wa wapinzani peke yao.

MKOPESHAJI: FEDHA ZENYE KAMBA

Aina ya nne haitangazwi kwa mbwembwe. Ni fedha ambazo mwenye uwezo huziingiza timu ikibanwa, kisha zikaandikwa vitabuni kuwa deni.

Mfano mkubwa unatoka Uingereza. Roman Abramovich aliinunua Chelsea mwaka 2003 na kuipa fedha nyingi kwa njia ya mikopo. Klabu ilipouzwa mwaka 2022, mikopo hiyo ilikuwa imefikia takriban pauni bilioni 1.5, na mwenyewe alisema hataidai. Laiti angeidai, mnunuzi angekuta mzigo mwingine kabisa.

Mashabiki wa Manchester United, ambao katika vibanda umiza vya Moshi hawahesabiki, wanalalamika kwa sababu iliyo kinyume. Familia ya Glazer iliinunua klabu yao mwaka 2005 kwa sehemu kubwa ya fedha za kukopa, na deni likawekwa juu ya klabu yenyewe. Timu ikawa inalipa riba ya kununuliwa kwake.

Kwa hiyo habari kwamba mtu fulani "ameweka fedha" haijakamilika. Ikiwa ni zawadi, klabu imepata. Ikiwa ni mkopo, klabu imechelewesha tu siku ya kulipa.

BEI YA MCHEZAJI HUUNDWAJE

Baada ya kujua fedha zinatoka wapi, linabaki suala la zinakokwenda. Bei inayotajwa vijiweni ni sehemu tu ya gharama ya mchezaji.

Mchezaji mwenye mkataba hununuliwa kwa klabu yake, na fedha hizo huitwa ada ya uhamisho. Mchezaji huru hana klabu ya kulipwa, hivyo dau la usajili huingia mfukoni mwake. Juu ya hapo kuna mshahara, nyumba, tiketi za ndege, posho za ushindi na malipo ya wakala.

Chukua mfano wa kubuni. Mchezaji huru anapewa dau la sh. milioni 100 kwa miaka miwili na mshahara wa sh. milioni 5 kwa mwezi. Mashabiki watasema amenunuliwa kwa milioni 100. Mhasibu ataandika milioni 220, kwa kuwa mishahara ya miezi 24 ni milioni 120. Wachezaji 10 wa namna hiyo ni sh. bilioni 2.2 kabla ya posho.

Mkataba wa miaka miwili, ambao ni wa kawaida nchini, una athari nyingine. Baada ya mwaka mmoja na nusu mchezaji huwa huru kuzungumza na timu nyingine, na akimaliza muda wake huondoka bure. Julai 2024 Clatous Chama, aliyekuwa kipenzi cha Simba kwa miaka, alivuka kwenda Yanga akiwa mchezaji huru. Msimbazi haikupata ada ya uhamisho.

Suala la Feisal Salum lilionyesha jinsi kipengele kimoja cha mkataba kinavyoweza kuwa na uzito kuliko mabao. Desemba 2022 kiungo huyo aliweka sh. milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga, yaani milioni 100 za usajili na milioni 12 za mshahara wa miezi mitatu, akiamini amevunja mkataba. Januari 2023 TFF ilitamka kuwa bado ni mchezaji wa Yanga.

Ubishi huo ulidumu miezi sita. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwaomba viongozi wa Yanga walimalize, na siku chache baadaye mchezaji akatambulishwa Azam baada ya klabu hizo mbili kuelewana. Bei yake ya kweli haikuwa ile iliyoandikwa upande mmoja, bali ile ambayo muuzaji na mnunuzi walikubaliana.

Kuuza nako kuna hatari zake. Januari 2013 Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000 za Marekani. Fedha hazikuja kwa wakati, shauri likafika FIFA, na kabla mwaka huo haujaisha mchezaji mwenyewe alikuwa amesajiliwa Yanga. Muuzaji alijikuta hana mali, hana fedha, na mali yake iko kwa jirani.

MAPATO YANATOSHA?

Klabu ya ligi kuu hupata fedha kwa viingilio, udhamini, jezi, uhamisho, zawadi za mashindano na haki za televisheni. Mei 2021 Azam Media na TFF walitia saini mkataba wa miaka 10 wa sh. bilioni 225.6.

Wastani wake ni kama sh. bilioni 22.6 kwa mwaka. Hata kama zote zingegawiwa sawa kwa timu 16, jambo ambalo si hivyo, kila moja ingepata kama sh. bilioni 1.4. Ikiwa dau lote litalipwa mwanzoni, hizo hazitoshi kuwalipa kwa mwaka wa kwanza wachezaji 10 wa mfano uliotolewa hapo juu.

Mashindano ya Afrika ndiyo yenye fedha ya haraka. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na kulikosa kwa sheria ya mabao ya ugenini mbele ya USM Alger, nafasi ya pili ilikuwa na zawadi ya dola milioni 1. Simba nayo ilifika fainali ya kombe hilo mwaka 2025 na kufungwa na RS Berkane.

Lakini hiyo ni fedha ya bahati nasibu. Anayeiweka kwenye bajeti mwezi Julai anahesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa.

Wanaosema kununua sana ndiko kushinda nao wanapaswa kuitazama Azam. Klabu hiyo ina mmiliki mmoja mwenye uwezo, familia ya Bakhresa, ina uwanja wake Chamazi na haijawahi kutembeza bakuli. Tangu ipande ligi kuu mwaka 2008 hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25, ilikuwa imetwaa ubingwa mara moja tu, msimu wa 2013/14.

Kwa upande mwingine, Simba ilitwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2017/18, na Yanga ikafanya hivyo hivyo kuanzia 2021/22. Fedha zilikuwepo pande zote mbili katika vipindi vyote viwili. Kilichobadilika ni nani alichagua wachezaji kwa makini zaidi na kuituliza timu. Simba iliyofika fainali ya 2025 ilikuwa imesajili wachezaji wapya zaidi ya 10, wengi wao vijana.

MLIMANI WANALIJUA JAMBO HILI

Wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro hawahitaji mwalimu kutoka Ulaya kuelewa mambo haya. Chama cha kwanza cha wakulima wenyeji wa kahawa, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Zimepita karne na ushee tangu watu wa huku waanze kubishana kuhusu nani amiliki na nani anunue.

Mkulima aliyepeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi alipata malipo ya awali, kisha akasubiri mnada na malipo ya pili. Fedha zilichelewa, na viongozi walilaumiwa. Lakini chama kilikuwa chake, na kama kahawa iliuzwa vizuri alikuwa na haki ya kudai ziada.

Soko lilipofunguliwa msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi walifika vijijini na fedha taslimu. Wakulima wengi waliwakimbilia, na haikuwa kosa, kwa kuwa ada ya shule haisubiri malipo ya pili. Ila mnunuzi wa taslimu hakuwa na wajibu wa kurudi msimu uliofuata. Bei ya dunia ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wako waliotelekeza mibuni kabisa. Mwaka 2018 serikali ilielekeza tena kahawa ipitie vyama vya ushirika.

Shabiki anayedai "tajiri aweke fedha leo" ni mkulima anayetaka taslimu. Anayeuliza kuhusu asilimia 51 ni mwanachama anayesubiri malipo ya pili. Wote wawili wana hoja. Tofauti ni kwamba mkulima huweza kuuza sehemu huku na sehemu kule, ilhali klabu huuzwa mara moja.

UWANJA WA USHIRIKA

Kwa Moshi suala hili si la Kariakoo peke yake. Polisi Tanzania ilipopanda ligi kuu mwaka 2019, Uwanja wa Ushirika ulipata mechi kubwa za nyumbani. Simba au Yanga zilipokuja, nyumba za wageni zilijaa, mama lishe walipika masufuria ya ziada, na wachuuzi wa jezi walipanga bidhaa barabarani tangu alfajiri.

Biashara hiyo ilidumu misimu minne. Mwaka 2023 timu ilishuka daraja, na mji ukarudi kutazama ligi kuu kwenye televisheni. Hasara ya kushuka haikuandikwa kwenye vitabu vya timu peke yake. Iliwafikia pia wauza maji na waendesha bodaboda, ambao hakuna aliyewauliza kuhusu usajili.

Timu ya taasisi haina tajiri wa kupigiwa kelele, nayo mashabiki wake hawana hisa wala kura. Timu ya kampuni, kama ilivyokuwa Panone FC iliyobeba jina la kampuni ya mafuta ya mjini hapa, huishi kadiri kampuni inavyoona faida ya kuwa nayo.

Wapo wanaopendekeza tajiri mmoja wa Kilimanjaro anunue nafasi ya timu nyingine na kuileta Moshi. Jambo hilo linawezekana, na nchini limefanyika. Ihefu, iliyotoka Mbarali, ilihamia Singida na mwaka 2024 ikaitwa Singida Black Stars. Mwaka huo huo Fountain Gate, iliyokuwa imebeba jina la Singida, ilikuwa inachezea Babati, mkoani Manyara.

Singida na Babati zilipata timu. Mbarali ilibaki na uwanja. Anayenunua timu ili ailete Moshi anaweza pia kuiuza iende kwingine, na tiketi za msimu hazimzuii.

MASWALI YA KUULIZA

Shabiki anayetaka kubishana kwa hesabu anaweza kuanza na maswali matano kila inapotangazwa kuwa fedha zimetolewa. Je, ni zawadi, tangazo, hisa au mkopo? Je, ni za mwaka mmoja au ni jumla ya miaka mingi? Je, zinaingia kwenye mishahara au kwenye kitu kitakachobaki? Je, mkataba wa mchezaji unamalizika lini, na klabu itapata nini akiondoka? Na je, mtoaji akiondoka kesho, timu ina mapato yake ya kulipa mishahara kwa miezi sita?

Swali la mwisho ndilo kipimo cha kweli. Klabu inayoweza kulijibu ina haki ya kununua nyota, hata wa bei mbaya. Isiyoweza kulijibu inaishi kwa hisani, hata kama imetwaa kombe.

Dirisha dogo likifungwa Januari, wageni wa Desemba huwa wamekwisha rudi Dar es Salaam, mbuzi wameshuka bei, na vilabu vya mbege vimepata nafasi ya kukaa. Ubishi huendelea na wenyeji waliobaki. Nyota aliyesajiliwa bado anatakiwa kulipwa mwisho wa mwezi, na mwezi wenyewe ni ule ule wa ada za shule.